Aliyebaki Chini ya Mashua

Ukimsikiliza dobi anayeanika nguo kwenye uzio wa klabu ya mashua, msichana yule aliuawa mchana kweupe, watu wakitazama.

"Walimbeba kama gunia," anasema huku akikamua shuka. "Wakamfunga kwenye kiti cha mashua, mkanda kiunoni, mkanda kifuani. Kisha wakaipindua. Makusudi! Wakasimama majini wanahesabu, moja, mbili, tatu, kama watoto wanaotafutana. Jamani, mtu miguu haifanyi kazi, umfunge halafu umpindue? Nilitupa ndoo nikapiga yowe. Na walipomtoa, yule fundi alishamzaba kofi. Maiti anazabwa kofi! Nenda kamuulize mwenyewe."

Fundi anaulizwa. Hakatai.

"Kofi nilimpiga," anasema, macho hayatoki kwenye cherehani. "Hilo la maiti ni lake dobi."

Ni saa mbili asubuhi, ndani ya stoo ya klabu, kando ya ziwa. Chumba kina dirisha moja na kinanuka gundi na turubai lililolowa. Mikanda imening'inia ukutani, minene na myembamba, na kila mmoja una kitambaa chekundu kinachochomoza kama ulimi. Ukiuvuta ulimi, mkanda unaachia wote. Shingoni mwa fundi kuna mkasi uliofungwa kwa kamba. Hauvui akiwa kazini, hata akiingia majini.

Zamani alikuwa anashona makava ya viti vya gari kwenye gereji. Siku moja mwanamume wa kiti cha magurudumu alimletea mto uliofumuka uzi, akamuuliza kama anaweza kushona kiti ambacho mtu hatelezi mashua ikilala upande. Fundi alidhani anataniwa.

"Nikamwambia, kaka, wewe na mashua wapi na wapi? Akacheka. Akaniambia njoo Jumamosi uone."

Aliyoyaona Jumamosi hiyo ndiyo yaliyomtoa gereji. Watu wasiotembea, wasioona, wenye mkono mmoja, wanapandishwa kwenye mashua ndogo za tanga na wenyewe ndio wanaoshika usukani. Wanaozunguka huku na huku kuwasaidia ni wa kujitolea. Fundi analipwa kidogo kuliko gereji, na mumewe bado hajaizoea habari hiyo.

Klabu ina utaratibu wake. Hakuna anayekwenda mbali kabla ya kupinduliwa kwanza, kwenye maji ya kifuani, mlingoti ukiwa umeng'olewa. Amevaa jaketi la kuelea, amefungwa kitini, mashua inageuzwa juu chini. Ajifungue mwenyewe, achomoze mwenyewe. Wenzake wanahesabu kwa sauti mpaka kumi, na kabla ya kumi haruhusiwi mtu kumgusa.

"Simfungi mtu mkanda asioweza kuufungua," anasema fundi. "Nikifanya hivyo nimemshonea jeneza."

Kila mkanda anaujaribu yeye kwanza. Ule wa mzee asiye na mikono, unaofunguliwa kwa meno, aliujaribu nyumbani akiwa amejifunga kwenye kiti cha sebuleni, mikono nyuma. Mumewe akaingia.

"Alitoka mbio kuita watu. Nikawa nampigia kelele, baba, rudi, niko kazini!"

Anacheka, halafu kicheko kinakatika. Habari ya msichana inakuja.

Pale klabuni wanamwita Malkia, kwa sababu wabebaji humwambia, "Malkia hakanyagi ardhi." Ni mtu mzima kwa umri, ingawa mama yake bado husema "mtoto." Miguu haijamsaidia tangu kuzaliwa, na mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu, kwa hiyo fundi alimshonea ulimi upande wa kushoto. Mama yake, mfagiaji wa shule, alikuja naye kila Jumamosi, akakaa kwenye benchi na taulo mapajani.

Siku ya kumpindua, mashua iligeuka vizuri. Wakahesabu. Kumi ikafika. Hakuna mtu.

"Sikungoja," anasema fundi. "Nikazama na mkasi mkononi. Nikapapasa kiti. Kitupu! Mkanda umeachia, mtu hayupo. Nikasema huyu amezama chini, na mimi ndiye niliyemshonea."

Aliinuka kutafuta pumzi, kichwa kikagonga mbao. Alikuwa ametokeza ndani ya mashua iliyopinduka, pale hewa inapobaki kati ya maji na sakafu. Giza la kijani, anasema, na mwanga kidogo pembeni. Na uso wa Malkia, karibu kabisa na wake.

Alikuwa ameshika ubao wa kukalia kwa mkono wa kushoto, kidevu juu ya maji, ametulia kama mtu aliyekaa kibarazani.

"Ananiangalia tu. Halafu ananinong'oneza, 'Fundi, nenda. Niache kidogo.'"

Fundi anakunja kipande cha mkanda, anakikunjua.

"Kofi likatoka lenyewe."

Nje walilisikia, mashua ililia kama ngoma. Wakati huo mama yake Malkia alikwishaingia majini na nguo zake, naye hajui kuogelea. Aliyemdaka ni kijana asiyeona, aliyelifuata yowe lake akamshika kiuno, akamwambia, "Mama, hata mimi sioni, usinipeleke mbali."

Walipomlaza Malkia ufukweni, mama alimuuliza swali moja. Kwa nini hukutoka?

"Nilitaka kukaa peke yangu," alijibu.

Dobi alikuwa bado anapiga yowe upande wa pili wa uzio.

Nyumbani kwa kina Malkia ni chumba kimoja, vitanda viwili vimesogezwa vikagusana, na mlangoni kuna pazia tu. Malkia ameegemezwa kwenye mito. Anaongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo linalomtisha anayesikiliza.

"Tangu nizaliwe sijawahi kuwa mahali pasipo na mtu," anasema. "Naoga, kuna mtu. Chooni, kuna mtu. Nikilia, kuna mtu ananiuliza nalia nini. Kule chini hakukuwa na mtu. Nilisikia wanahesabu. Walipofika kumi nikasema, sasa kumi na moja ni yangu. Kumi na mbili yangu. Kisha fundi akaja na mkasi wake."

Na kofi?

"La kwanza maishani mwangu. Dada zangu walichapwa wote, mimi nikarukwa. Siku ile nikajua kumbe na mimi naweza kumuudhi mtu."

Mama yake anakunja nguo kitandani. Haonekani kusikiliza, lakini anajibu yeye.

"Huyo 'mtu' anayemsema," anasema, "ni mimi."

Anaikunja fulana ileile mara ya pili. Tangu siku hiyo hajampeleka binti yake ziwani. Fundi ameshakuja kuomba msamaha, akasamehewa, akanywa chai. Lakini kila akitaja Jumamosi, mama hukwepa, akamuuliza habari za mumewe.

Leo fundi amekuja tena, na safari hii hakuja na maneno mengi. Klabu imepata mashua ndogo ya mtu mmoja. Usukani wake ni kijiti cha kusukuma kwa mkono, kushoto au kulia. Haina nafasi ya msaidizi. Mashua nyingine itafuata nyuma, kwa mbali.

"Kiti chake nataka kiwe cha kwanza," anasema. "Nimekata turubai tayari. Ila kiti cha mashua ile huwezi kukishona kwa kukisia, lazima nimpime mwenyewe."

Malkia amekwishajisogeza mbele. Mgongo wake haukai wima bila kuegemezwa, kwa hiyo fundi anamshika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anakunjua futi yake ya kushonea. Anaibana ncha moja nyongani. Futi inafika begani, inateleza, inaanguka. Anaiokota, anajaribu tena. Inaanguka tena.

"Fundi, una mikono miwili tu," Malkia anamtania.

Fundi hacheki. Anageuza shingo kumtazama mama, aliyesimama kati ya kitanda na pazia, fulana kifuani.

"Dada," anamwambia, "naomba unishikie ncha hii hapa begani."

Futi inaning'inia. Mama anaitazama.