Sefu Lisilo na Kibao

Mimi Naimo simwamini mtu upesi, na sioni haya kusema hivyo. Mwaka ule wa sitini na tano, hapa Garissa, aliyeamini upesi alijuta. Wanajeshi walikuuliza umemficha shifta gani, shifta nao, wale waasi wa porini, wakakuuliza umewaambia nini wanajeshi. Katikati hapo alikuwa kaka yangu Korane na duka lake la sukari, majani ya chai na vitambaa.

Korane alikuwa hivi: akipima sukari anakuongezea konzi nzima, kisha anakukaripia kana kwamba umemwibia. Mcha Mungu kweli, lakini mkaidi, wallahi. Mhindi mmoja wa Bura alipofunga duka lake ahamie Mombasa, Korane akanunua sefu lake, kasha la chuma la zamani, zito kupita kiasi. Likawekwa ukuta wa kaskazini, upande wa kibla. Siku ya kwanza aliposimama kusali dukani, akakutana uso kwa uso na simba wawili. Walichorwa kwenye kibao cha shaba kilichofungwa mlangoni mwa sefu, na chini yao maandishi ya Kizungu.

"Nisujudie simba mimi?" akasema. Mtu mwingine angetundika kitambaa, yakaisha. Korane alichukua bisibisi, akang'oa kibao, akaenda kukitupa mto Tana. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu.

Kicheko kiliniisha alipokuja inspekta wa polisi. Alitoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema sisi, maana kama tuko ndani yake au nje hatukujua. Ofisi moja ya serikali upande wa Modogashe ilikuwa imevunjwa, na sefu lake likapakiwa haraka kwenye lori likatoweka. Sasa huyu bwana alisimama mbele ya sefu la kaka yangu akilitazama lile baka la rangi mpya kidogo na matundu mawili ya skrubu.

"Kibao kiko wapi?"

"Nimetupa mtoni," Korane akajibu.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na simba."

Askari wakaangua kicheko. Na mimi ningecheka, kama si ndugu yangu.

"Mzee," inspekta akasema, "mwizi wa ng'ombe hukata sikio lenye alama. Wewe umekata kibao. Lililoibwa lilitengenezwa na Tarnell wa Uingereza. Hili limetengenezwa na nani? Ukishindwa kuniambia, twende."

Twende hiyo tuliijua. Dubow, mshona viatu wa jirani, aliambiwa twende mwezi wa Rajabu, na mkewe alikuwa bado anauliza kila lori linaloingia mjini. Korane hakusoma Kizungu. Alisoma Kurani tu, na kwenye kile kibao aliwakumbuka simba, basi. Alikuna ndevu, akafikiri.

"Nyuma," akasema. "Siku ya kuishusha, mkono yangu ilishika kitu kama vipele. Labda ni jina."

Nikamrukia kwa Kisomali: "Walaal, kaka yangu, nyamaza! Na likiwa ni lile lile jina lao? Unajua yule Mhindi alilitoa wapi? Unataka kujichongea mwenyewe?"

"Anasema nini huyu mama?" inspekta akauliza, macho yamemtoka.

"Anasema mtakunywa chai," Korane akajibu, bila hata kunitazama.

Inspekta akaagiza waitwe wanaume wa kusukuma. Hapo sikuweza kuuzuia mdomo wangu. "Afande, juzi mmetangaza kwamba wanaume wakikusanyika ni mkutano wa shifta. Leo unataka tukukusanyie?" Alinitazama vibaya, lakini alijua nasema kweli. Akawaamuru askari wake waweke bunduki chini wasukume wenyewe. Walisukuma, wakatokwa na jasho, mmoja akabanwa kidole akamtukana mama wa sefu.

"Na hili ndilo mnasema lilibebwa haraka haraka?" nikauliza.

"Mama, funga mdomo."

Likageuka, sakafu ikachubuka. Nyuma kulikuwa na utando wa buibui na vumbi. Inspekta akachuchumaa, akapangusa kwa kiganja. Kweli, palikuwa na herufi, zimevimba kwenye chuma chenyewe, zilimiminwa pamoja nacho. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo nilimtazama yeye usoni. Nilimwona Korane akivuta tasbihi, midomo inacheza.

Inspekta alipitisha kidole juu ya herufi taratibu. "Osgrave," akasema. Akarudia kutoka mwanzo, kama aliyetamani kidole chake kiwe kimekosea. "Osgrave. Si Tarnell."

"Alhamdulillahi," Korane akasema, sauti haisikiki.

Pole hatukuambiwa. "Safari hii umepona, mzee," inspekta akasema, wakaondoka zao, sefu wakaliacha katikati ya duka limekaa upande, wateja hata pa kupita hawana. Mimi nilipiga vigelegele nikakimbilia uani kumpa habari wifi yangu Shamso, mke wa Korane, ambaye muda wote ule hakutia mguu dukani.

Kando ya mlango nikaona furushi. Blanketi, vikoi viwili, ndala, na tende ndani ya karatasi, limefungwa kwa kamba.

"Ahaa!" nikapiga kelele. "Mumeo hajahukumiwa, wewe umeshamfungia mzigo wa jela! Kumbe ulimwona mwizi!"

Korane alikuwa nyuma yangu. Aliliona furushi, uso wake ukabadilika. "Shamso," akasema. "Hata wewe?"

Shamso hakuinuka mekoni. "Wewe nakuamini, hata huo wazimu wako wa simba niliuamini. Wao ndio siwaamini. Kwani siku wakitaka kukuchukua, watasoma jina nyuma ya chuma?"

Shamso akainuka, akapangusa mikono, akalivuta furushi ili alifungue.

Korane akamshika mkono.

"Liache," akasema. "Tia na sweta. Huko wanakopelekwa watu, nasikia kuna baridi."