Usukani wa Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, hajawahi kuiona bahari, lakini mkimsikia akiongea mtadhani alizaliwa ndani yake. "Sisi watu wa Kasongo tuko na tanga ndani ya damu," husema, kifua mbele, na duka lake la sabuni na betri limekaa bila mteja nyuma yake. Wapi! Damu ya tanga gani? Mtu anayeoga kwa ndoo maisha yake yote!

Mashua ilikuwa ya mume wangu, ndogo, ya mbao, yenye tanga alilolishona mwenyewe kwa bashi, yale maturubai ya plastiki, kwa sababu kununua mafuta ya motere, ile injini, kulimchosha. Alivusha mpunga na mawese mto Lualaba, nami nilikaa nyuma karibu naye nikichota maji yaliyoingia. Alipokufa nikakaa eda. Shemeji akaiazima mashua, ati isikauke. Akaigonga kwenye mawe, usukani ukavunjika vipande. Nilipotoka eda hakuomba hata radhi. Alikuja na baba mkubwa, mzee wa ukoo wao, akasema mashua irudi kwa ndugu wa marehemu, kwa kuwa mwanamke hawezi kuiongoza.

Baba mkubwa akakuna ndevu, akaamua: kila mmoja wetu atafute usukani, siku ya soko tuvuke, na atakayeifikisha mashua ng'ambo itabaki kwake. Mashua hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wangu. Sikuwa na kitu kingine.

Shemeji aliona aibu kutumia ubao wa hapa. Alimtuma mwenye pikipiki mpaka Kabambare, ati mvule wa huko ndio mvule. Jamaa akaufunga ubao ukiwa umekingama, akarudi akifagia watu njiani, akina mama wakikimbilia porini na mizigo yao na kumtukana. Kisha fundi wa milango akauchonga kwa kufuata picha ya kalenda iliyoning'inia dukani, chombo kikubwa cha baharini. Ukatoka mrefu kupita kimo changu, una maua, una misumari ya shaba. Watu wakaja kuusifu. Mimi nilicheka mpaka jirani akauliza kama nimechanganyikiwa. Maua ya nini? Ya kutazamwa na samaki?

Mimi nilikwenda kwa wapasua mbao wa kando ya mto. Ubao wa kwanza ulikuwa na fundo katikati, na hapo ndipo ungevunjika. Mwingine ulikuwa mbichi, ungepinda jua likiuchoma. Nikachukua mkavu, nikaukata mfupi na mpana, usishuke kupita tumbo la mashua. Kiangazi Lualaba inajaa mchanga. Kitu kirefu kitafanya nini kule, kulima? Zile pete za chuma za usukani wa zamani zilikuwa bado kwenye ubao wa nyuma wa mashua. Nikapima nafasi kati ya pete hizo kwa kijiti cha mchikichi, nikapigilia pini kwenye usukani wangu ziingie humo sawasawa, ili niweze kuuchomoa na kuurudisha bila nyundo.

Siku ya soko shemeji akaanza, bila shaka, maana yeye ndiye mkubwa. Baba mkubwa alikaa katikati juu ya magunia. Mimi niliingia na usukani wangu, nikaulaza miguuni.

"Shemeji," nikamwambia, "maji iko kidogo. Huo ni murefu sana."

"Wewe mutoto wa walima mupunga, utanifundisha maji?"

"Haya."

Tulifika katikati. Upepo ulijaza tanga, na usukani ule ukaingia mchangani, ukasimama kama mwiko ndani ya bukari, ugali wetu. Mashua ikageuka ubavu, pini zikang'oka kwenye mvule wa Kabambare. Shemeji akaruka majini, yakamfika kiunoni, akaukumbatia usukani wake akiuvuta. Baba mkubwa alikuwa akimwita Mungu. Nikateremsha tanga, nikashuka majini, nikachomeka usukani wangu kwenye pete, nikapanda tena.

"Panda, shemeji."

"Mungoje! Niko navuta usukani wangu!"

"Umuache," baba mkubwa akaniambia. "Twende."

Tulishusha magunia ng'ambo. Tuliporudi tulimkuta amekaa juu ya fungu la mchanga, usukani mapajani, suruali yake ya sikukuu imejaa tope. Baba mkubwa hakumtazama. "Mashua ni ya huyu mama," akasema. "Maneno imeisha." Shemeji akapanda, akakaa kwenye maji ya chini ya mashua, akaniomba kwa sauti ndogo niende polepole.

Hapo hasira ikanipanda. Mume wangu hakuwahi kusema hapana mbele ya mtu huyu. Akiingia uani, mume wangu alisimama kumpa kiti, akashusha macho, sauti ikampotea. Hata siku zake za mwisho, mgonjwa, hajiwezi, alinisihi ninyamaze, kaka asije akakasirika. Nilishika mpini wa usukani, machozi yakanitoka, na niliyemkasirikia sasa hakuwa huyu aliyeloa mbele yangu.

Ni huyu? nilimwuliza marehemu. Ni huyu uliyekuwa ukimwogopa?