Mpishi wa Nyuma ya Pazia

Mwanvua alizaliwa na dharau, na majirani zake wa Ujiji wakaizidisha kwa tabia yao ya kuigana. Mtaani kwake mtu akianza kukaanga maandazi Jumatatu, Ijumaa kila kibaraza kina karai. Akili ya kubuni hawana, alikuwa akisema, wana macho tu. Na hakusema uongo. Maandazi ya iliki aliyaanza yeye, wakamwiga mpaka maandazi yakawa mengi kuliko midomo. Akahamia kwenye sabuni ya mawese, akaitengeneza ya mviringo ili ijulikane ni yake. Mwezi haujaisha, mtaa mzima unauza sabuni ya mviringo, na mmoja wao akawa na uso mkavu wa kuja kumwuliza inakatwaje isivunjike! Mumewe, bingwa wa usingizi wa mchana, akamshauri aachane na biashara kwa kuwa biashara ni bahati. Mwanvua akadai talaka yake, biashara akabaki nayo.

Ndiyo maana alipofungua banda lake la chakula alijiapiza kwamba mara hii hakuna atakayemwiga. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Ng'ambo ya ziwa vita vilikuwa vimewaka, mitumbwi inashusha watu na magodoro yaliyolowa, na mji umejaa magari meupe ya mashirika. Madereva na makarani waliotoka Moshi na Bukoba walitaka chakula cha mchana, na mabanda ya chakula yakaota kama uyoga. Yote yalipika wali na maharage, yote yaliunguza maharage, na jirani yake Semeni, aliyefungua ukuta kwa ukuta naye, aliyaunguza kuliko wote.

"Tena anatabasamu anapoyapakua," Mwanvua alisema. "Mtu na aibu yake angekupa sahani akitazama chini."

Regina, mmoja wa wakimbizi hao, aliingia uani kuomba maji ya kunywa. Alikuwa amevuka kutoka Baraka akiwa na sufuria moja, wala hakujua mumewe yuko wapi, hai au maiti. Alimkuta Mwanvua anachemsha kisamvu. Akanywa maji, akachungulia chunguni, na uso wake ukaingia huruma.

"Mama, sombe hii iko inalia," alisema, maana kwao kisamvu ni sombe. "Uniachie miye."

Akaitwanga upya pamoja na pilipili hoho na bilinganya, akaunguza mawese mpaka yakaacha ile harufu yake, akatia migebuka ya moshi aliyoichambua miba. Mwanvua alionja. Akachota tena, na tena. Watu wa Ujiji wanakula kisamvu tangu hawajaota meno, kumbe walikuwa wanakula majani!

Siku ile ile alitundika pazia la kitenge kati ya jiko na banda, na Regina akawekwa nyuma yake.

Sasa, Ujiji kuna desturi. Mgeni hutembezwa. Nusu ya bibi zao walitoka ng'ambo ile ile, kwa hiyo mtu wa ng'ambo haulizwi amekuja lini, anaulizwa ni wa nani. Unampeleka kwa balozi wa nyumba kumi akampe shikamoo. Unakwenda naye kisimani. Unamchukua msibani akasugue masufuria, na arusini akamenye vitunguu na kutukanwa na mawifi. Baada ya hapo ni shangazi wa fulani au shemeji wa fulani, na habari imekwisha. Semeni naye alikuwa amempokea msichana kutoka ng'ambo, na alimtembeza kila shughuli mpaka Mwanvua akawa anaziba mdomo kwa upande wa kanga akicheka.

"Huyu anafanya biashara au anatafuta mposaji?" alisema. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikimtoa Regina nje, hatafika kwa balozi. Atanyakuliwa njiani na hawa hawa walioninyang'anya sabuni."

Basi maji akawa anachota mwenyewe, majani ananunua mwenyewe, na kabla ya kutoka mbele ya wateja anajipaka mawese kidogo kwenye kanga ili aonekane katoka jikoni. Wateja wakajaa. Mzee Mudathir, balozi wa nyumba kumi, alihamia pale na meno yake machache, akawa anakula kila adhuhuri, yake bila pilipili, na kumsifu Mwanvua. Mwanvua akaapa mbele ya watu, mkono juu, kwamba mapishi yale ni ya bibi yake mzaa mama. Bibi yake, Mungu amrehemu, alikuwa hajui hata kuchemsha maji!

Mara moja Semeni alisimama mlangoni, akasikiza. "Mwenzangu, wewe uko hapa unapakua. Huko nyuma anatwanga nani?"

"Jini langu," Mwanvua akajibu. "Nawe nenda katafute lako."

Banda zima lilicheka. Semeni akaenda kujaribu kisamvu chenye bilinganya, akatoa uji wa kijani ambao hata mbuzi wangeuombea dua. Mwanvua alikuwa mbele ya wenzake, mbele kabisa, na alikuwa analala akitabasamu.

Aliyekuwa halali vizuri ni Regina, aliyelazwa stoo kati ya magunia ya mkaa. Hakuteswa, alikula, alivishwa. Lakini mtu hutaka kusalimiwa.

"Mama, niende hata kanisani?" aliuliza.

"Kanisani kuna midomo."

"Kisimani?"

"Huko ndiko iliko midomo yote."

Regina akarudi kwenye kinu. Alizoea kuwajua wateja kwa sauti zao tu, kupitia pazia.

Kisha gari likapita na kipaza sauti: mkimbizi yeyote aliye nje ya kambi atarudishwa kambini. Siku chache baadaye lori likasimama mtaani wakati wa chakula, wakashuka mgambo na askari. Mgambo ni vijana wa mji huo huo, na jua lilikuwa kali, hawakuwa na haja ya kugombana na mtu. Walichotaka ni neno la balozi na la mtaa. Wakaanzia kwa Semeni.

"Huyu ni nani?"

"Wifi yangu," Semeni alisema bila kupepesa.

"Wifi yake huyo!" mtaa ukaitikia, wanawake, wanaume, hata muuza mkaa. Uongo mtupu, umeimbwa kwa sauti moja. Mzee Mudathir, aliyekuwa akila kwa Mwanvua, akaweka kijiko chini, akatoka. "Huyo alisugua masufuria msiba wa mke wangu. Mwacheni mtoto wa watu."

Wakamwacha. Wakaingia kwa Mwanvua, wakafungua pazia, wakamtoa Regina na mchi mkononi.

"Mdogo wangu," Mwanvua alisema haraka. "Baba mmoja."

Mgambo akamgeukia balozi. Mzee Mudathir alimtazama Regina, akasogea karibu, akamtazama tena. Alitaka kusaidia, ilionekana usoni. Lakini hata uongo unahitaji pa kushika.

"Mwanvua, mimi nakula hapa kila siku," alisema. "Huyu sijawahi kumwona."

"Kuna anayemjua?" mgambo akauliza mtaa.

Watu wakatazamana. Hawakuwa na kinyongo. Walikuwa wanamwona kwa mara ya kwanza.

Hapo Mwanvua akasahau maringo yake yote. "Ndiye anayepika!" alipiga kelele. "Sombe yote mnayokula ni mkono wake! Mimi sijui kupika, Wallahi sijui!"

Watu wakacheka. Si yeye aliyeapa, mkono juu, kwamba ni mapishi ya bibi yake? Walidhani ni kichekesho kingine. Semeni peke yake hakucheka.

"Ungemleta hata kisimani mara moja," alisema kwa sauti ndogo. "Ningemwita wifi yangu huyo pia. Mawifi wawili sishindwi."

Regina alikuwa ameshapandishwa lorini. Kwa hofu hakuwa ameitambua sauti ya Mzee Mudathir, ila sasa alisikia anakohoa kama kila adhuhuri, akageuka. "Mzee, kumbe ni weye? Wa bila pilipili?" Alimtazama kama mtu aliyempata ndugu. "Nilikuwa nakutengea yako pembeni."

Mzee Mudathir akainua mkono. "Ngojeni, jamani. Ngojeni kidogo."

"Mzee, umeshasema humjui," mgambo akamjibu, na lori likaondoka.

Mwanvua alifunga banda. Tukio hilo lilimuuma kuliko sabuni na maandazi, na safari hii hapakuwa na mwizi wa kumtukana. Alimlilia Regina, wala si biashara, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alipanda gari hadi kambini, amebeba kanga mpya na ule mchi aliouacha Regina, akapanga foleni getini pamoja na watu wengine waliokuja kuwadai ndugu zao.

"Unamtaka nani?" mlinzi akauliza.

"Regina."

"Regina nani? Binti wa nani? Kijiji gani?"

Mwanvua akafungua mdomo. Alijua Regina anaunguza mawese kwa muda gani, alijua anatia bilinganya lini. Jina la baba yake hakuwahi kuliuliza, kwa kuwa halikuwa na kazi jikoni.

"Ametoka Baraka," alisema. "Anapika sombe."

Mlinzi akacheka, si kwa ubaya. "Mama, humu ndani wanapika sombe wote. Sogea."

Akasogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akataja jina la shemeji yake, la baba wa huyo shemeji, la kijiji na la mto unaopita kijijini hapo, akafunguliwa geti.