Saba kati ya Ishirini

Mwalimu Huguette Perrachon alifundisha imla hapa Roanne miaka thelathini na minane, nami ni mmoja wa waliolia mbele ya ubao wake. Siku hizi namwosha nywele saluni kwangu kila Alhamisi. Kifaransa chetu hukanusha kwa vineno viwili, ne na pas. Vijana kwenye simu wamekitupa cha kwanza, cha pili wakakibakiza herufi moja. Kwa Mwalimu huo ni wizi wa mchana. Nampenda sana, lakini kichwa chake ni kigumu.

Alhamisi moja alikuja amenuna. Mjukuu wake Lison, anayesomea uuguzi Lyon, alikuwa hajamwandikia kwa wiki mbili.

"Kimya kabisa, Josiane. Nimemkosea nini mtoto yule?"

"Mara ya mwisho alikwambia nini?"

"Makosa matupu! Nikamsahihishia, nikamrudishia na alama, kama kawaida."

"Alama? Makubwa! Ulimpa ngapi?"

"Saba kati ya ishirini. Tena nilimhurumia."

Nilicheka mpaka povu likaruka. Nikafuta mikono, nikachukua simu yake, nikasoma kwa sauti: "Bibi nmefeli mtihani, cjamwambia mama, cjui ntafanya nn, cwezi hata kulala."

Kicheko kikanikauka.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole. Maji yalimtiririka shingoni, asiyafute.

"Nilihesabu makosa, Josiane. Mtoto analia, mimi nahesabu makosa."

"Ulikosea, Mwalimu."

Sikuwahi kumwambia hivyo maishani, na sikuona sababu ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akajifunga kitambaa juu ya nywele mbichi, akatoka kuelekea stesheni kupanda treni ya Lyon. Huyu ambaye hamtembelei mtu bila kuarifu wiki nzima kabla!

Yaliyofuata nilisimuliwa na Lison mwenyewe. Alifungua mlango akamkuta bibi yake anahema ngazini, nywele zimekaukia upande.

"Bibi! Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Uliniita, sikukusikia."

Mwalimu akaangua kilio palepale, majirani wakichungulia. Lison, ambaye hakuwahi kuona chozi la bibi huyu hata siku ya kumzika babu, akamshika mkono kwa nguvu.

"Ingia, Bibi. Mama bado hajui. Nilitaka ujue wewe kwanza."