Robot Yenye Nilifunga mu Mugongo

Kosa ilikuwa yangu, sitaki kuzungusha maneno. Robot yetu, miye niliifunga mu mugongo na kikwembe, sawa mutoto.

Tulikuwa banafunzi tano na mwalimu wetu, tunatoka Butembo kwenda Beni, fasi masomo mingi, ni kusema mashule, ilikuwa inaenda kuonyesha robot zao. Yetu ilituchukua miezi na miezi. Mwili ni bidon ya njano, magurudumu ni bifuniko, mota mbili tulitoa mu radio za zamani. Mbele iko na kamacho kadogo: ikiona kitu inalia tii, tii, inasimama, inageuka. Barabara ni mashimo tupu, na mu buti ya gari ingevunjika. Kwetu Mutwanga, kitu chenye hautaki kivunjike unakibeba mu mugongo. Njo nilifanya vile. Lakini nilisahau kuchomoa fil, ile waya ya batri.

Mu équipe, kikundi yetu, nilikuwa mupya. Miye na jamaa yangu tulikimbia vita ya Mutwanga, tukafikia kwa mama mukubwa ku Butembo. Kazi yangu ilikuwa kukaza vis, zile skrubu, siyo kusema. Chef wetu, binti wa sixième, mwaka ya mwisho, alikuwa ananiita tu "Mutwanga".

"Mutwanga, leta tournevis."

Naleta ile ya kukazia vis.

Ku barrière ya basoda, mbele ya kuingia Beni, batu bote banashuka, banapita kamba yenye inafunga barabara na miguu, carte ya kitambulisho mu mukono, na gari inabangoja ngambo. Mwalimu alitangulia na ordre de mission, karatasi ya ruhusa ya safari. Benzangu bakapita. Miye nikakuwa wa mwisho.

Soda mumoja, mwanajeshi na bunduki yake, akaniangalia mugongo. "Mama kijana, mutoto halie? Amelala?"

Aliuliza muzuri, na kicheko. Ningesema tu ni robot, ingeisha.

"Ndiyo, chef. Analala."

Juu ya nini nilisema vile? Ata leo siko najua.

Palepale kikwembe ikateleza kidogo, kamacho kakaona soda, mugongo yangu ikalia: tii, tii, tii.

Soda akaruka nyuma. "Bombe! Simama! Hapana gusa!" Mama mumoja wa mandizi akatupa kitunga, akakimbia. Bunduki tatu zikaniangalia. Nilikojoa kidogo, naandika tu kweli.

"Ni nini iko pale?"

"Robot, chef. Ya masomo."

"Umeniambia ni mutoto!"

"Ndiyo, chef."

"Sasa ni mutoto ao ni robot? Ni ya nani? Nani anakutuma?"

Nikaangalia ngambo ya kamba. Mwalimu alikuwa analalamika, "Ni banafunzi bangu!", lakini soda mwingine alimuzuia. Benzangu ine balisimama sawa miti. Hakuna mwenye alisogea. Nikawaza: hapa njo bataniacha. Carte yangu inasema Mutwanga, fasi ya vita, na mu mugongo niko na kitu inalia. Batasema tu hawanijui. Ile ilinitisha kupita bunduki.

Halafu chef wetu akapita chini ya kamba, mikono juu.

"Chef, ni yetu. Mota ya kushoto, miye njo niliunga. Huyu alikaza vis zote."

"Rudi kule, binti!"

"Hapana, chef. Kama ni bombe, donc tuliitengeneza sisi bote."

Mujinga weye, niliwaza, batakupiga risasi. Lakini bale batatu nabo bakaanza kukuya, mumoja mumoja, mikono juu, polepole, sawa batu banapeleka matoleo ku kanisa.

Commandant, mutu wa mvi, akatoka mu kibanda. Akasema tuiweke chini katikati ya barabara, tumuonyeshe. Nilifungua kikwembe. Chef wetu akashika bidon upande yake. Basoda bakarudi nyuma. Commandant peke yake akabakia.

"Eleza."

Sauti yangu ilitoka sawa ya panya. "Itaenda mbele. Ikiona kitu, itageuka. Kama haigeuke, ni batri imechoka. Siyo... siyo kitu ingine, chef."

Ikaenda. Ikaenda moja kwa moja ku bota yake. Tii, tii. Ikasimama. Geuka, niliomba, geuka, Mungu wangu. Ikageuka nusu, ikaanguka na ubavu, magurudumu inazunguka mu hewa.

Commandant akaiinamia.

"Mutoto wenu," commandant akasema, "hajajua kutembea."

Basoda bakacheka, ata yule wa kwanza. Yule mama akarudi kuokota mandizi yake, ananitukana na Kinande. Sisi hatukucheka. Tuliokota robot, tukapita kamba bote tano pamoja, na hatukugeuka nyuma.

Mu gari, robot ilikuwa ku magoti yetu, yangu na ya chef wetu.

"Ku Beni, weye njo utaeleza," chef wetu akaniambia.

"Hapana! Niko naogopa."

"Unafikiri miye siogope?"

Akachukua mukono yangu, akaifunga ndani ya yake.