Ute wa Kahawa kwenye Pedali ya Mafuta

Kila msimu wa kahawa, nikipita karibu na mashine za kumenyea, hufunga kioo cha gari. Wenzangu hudhani nina kinyaa. Maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha yana harufu tamu, yenye ukali kidogo wa pombe changa, na wengi waliokulia Mbinga huipenda kwa sababu ilikuja pamoja na sare mpya na nyama ya Jumapili. Mimi hunikumbusha jambo nililolificha nikiwa na miaka kumi. Nje ya familia yangu, nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Nyumbani kwetu ni juu, upande wa Litembo, ambako Juni na Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milimani na mizani zao, dukani kulikuwa na sabuni za aina nne, na baba yangu, aliyezoea kwenda kila mahali kwa miguu, alirudi siku moja kutoka Songea akiwa amekaa ndani ya pikapu. Ilikuwa kuukuu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na sakafu ya mbele ilikuwa na tundu la kuonea barabara. Babu, baba yake baba, aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa fimbo na kusema, "Umezeeka kunishinda, lakini karibu."

Baba hakujua kuendesha. Aliyejua alikuwa mdogo wake, Bosko, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyejifunzia kwenye lori la misheni. Kazi yake ilikuwa kuteremsha mahindi na maharage hadi Mbamba Bay na kupandisha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Ukoo mzima ulijua kwamba Bosko alizaliwa kwa ajili ya usukani. Hata alipokuwa akitembea, alikata kona kwa kuegemea upande.

Pikapu ile ilikuwa na kasoro moja ya kuudhi: pedali ya mafuta ilipiga kelele. Kila ilipokanyagwa ilitoa mlio kama wa mlango wa kanisa mtu anapochelewa misa. Siku moja Baba alimwambia Bosko mbele ya wageni kwamba dereva anayejua kazi hupaka grisi. Bosko alijibu kwa sauti ndogo kuwa grisi haipatikani mpaka Mbinga mjini. Niliona alivyofedheheka, nami nilimpenda kuliko watu wazima wote, kwa kuwa ndiye pekee aliyeniruhusu kukaa mbele. Nikaamua kumsaidia.

Alhamisi ile tulikuwa tunamenya kahawa. Punje mbivu zikitoka kwenye mashine ya mkono huwa zimevaa ute mtelezi kiasi kwamba huwezi kuzishika, zinakuponyoka vidoleni. Shangazi yangu mmoja aliukanyaga, akakaa chini pamoja na ndoo yake, nasi watoto tukacheka mpaka tukafukuzwa. Kwa akili zangu, hapakuwa na grisi bora kuliko ile duniani. Nikachota kikopo, nikajipenyeza chini ya usukani, nikapaka ute kwenye bawaba ya pedali na pale waya wa mafuta unapoingia kwenye mrija wake. Uliobaki nikaumimina ndani ya mrija. Nikabonyeza pedali kwa mkono. Kimya. Nilijiona fundi.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ute ukikauka unakuwa gundi. Ndiyo maana tulisuguliwa miguu kabla ya kulala. Ukilala nao, asubuhi vidole vimeshikana. Nami nilijua. Lakini nilijua habari za miguu, sikufikiria habari za gari.

Jumamosi nilitumwa kumpelekea bibi mzaa mama kikapu cha maharage Mbamba Bay. Bosko alikuwa amedamka kukanyaga kahawa kwenye karo la kuoshea, kama wanaume wa nyumbani walivyofanya kwa zamu, kisha akapanda garini pekupeku, viatu vikiwa nyuma ya kiti. Mbele tulikuwa sisi wawili tu.

"Skola, unasikia? Pedali imenyamaza yenyewe," alisema tulipoanza kuondoka.

"Labda imechoka kulia, Baba mdogo."

Alicheka, nami nikajibana nisiseme. Nilitaka kumpa siri yangu tukifika, kama zawadi.

Barabara ya kuteremkia ziwani ina kona nyingi, na kila kona unavua kitu: kwanza sweta, kisha kitambaa cha kichwani. Ziwa lilipojitokeza chini, joto lilikuwa limejaa ndani ya gari, la jua na la injini pamoja. Tulipofika tambarare, Bosko aliongeza mafuta kidogo, kisha akaachia. Injini haikupungua. Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa hewani, na pedali ilikuwa imelala sakafuni. Aliingiza kidole gumba cha mguu chini yake aivute. Haikuja. Akaukandamiza mguu kwenye breki, akazungusha ufunguo kuzima, lakini barabara ilikuwa imeshatupungukia. Tulipita katikati ya chanja za kuanikia usipa na kusimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Mtumbwi ulipasuka kwa mlio mmoja mkavu.

Hakuna aliyeumia. Usipa walikuwa wamejaa kwenye kioo, wakimetameta. Mama mwenye chanja alikuja amejishika kiuno. "Ninyi wa milimani," alisema, "mmekuja kununua au kuvuna?" Watu walicheka. Bosko hakucheka. Alikuwa ameinama anaigusa pedali kwa vidole.

Mahindi yote tuliyobeba yaliachwa kwa mwenye mtumbwi na mwenye chanja, na lori likatuvuta mpaka nyumbani.

Kwetu mambo mazito ya ukoo yalipelekwa sengu, baraza la wanaume nyumbani kwa babu. Kila nyumba ilileta ugali wake, wakala pamoja kwanza, kisha wakazungumza. Watoto wa kike tuliingia kunawisha mikono na kutoka. Jumapili ile nilikuwa ninapita na jagi na beseni shauri lilipoanza.

"Hebu tueleze, rubani," alisema Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, mtu wa maneno. "Ulikuwa unawaonyesha wasichana wa ziwani namna Wamatengo tunavyoruka?"

Wakacheka.

"Kaka, niliinua mguu. Gari halikurudi."

"Kwa hiyo gari lilikuwa na haraka zake?"

"Niliinua mguu," Bosko alirudia.

"Uliuinua ukiwa juu ya mtumbwi," alisema Baba, na yeye hakuwa anatania.

Babu alinyoosha mkono, wakanyamaza. "Mbele ulikuwa na nani?"

"Na Skola."

Wote wakanigeukia. Haikuwa kawaida mtoto wa kike kuulizwa neno sengu, na Babu alilijua hilo kuliko yeyote. Aliniuliza taratibu: "Mjukuu wangu, uliona nini?"

Nilikuwa nimeuona mguu. Ningesema hilo tu, Bosko angesalimika. Lakini nilijua swali linalofuata lingekuwa kwa nini pedali ilishika, na jibu lake lilikuwa kwenye kikopo changu.

"Nilikuwa nimelala, Babu," nikasema.

Bosko alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli nilikuwa nimelala. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye mkeka mbele ya Baba. Waliamua arudi kwenye ngolo, yale mashimo tunayolima miteremkoni, na gari litafutiwe dereva mtu mzima.

Jumatano alikuja Fundi Eliasi kutoka mjini. Alifungua boneti, akachomoa waya wa mafuta kwenye kabureta na kusukuma mkono wa kabureta kwa kidole. Ulirudi kwa kishindo. "Hapa hapana kosa," alisema. Akaivuta springi, ilikuwa na nguvu. Akavuta waya wenyewe: ulikwenda kwa shida na ukabaki hukohuko. Akaingia chini ya usukani, akachokonoa, akatoka na kidole chenye kitu cha kahawia.

Alijaribu kukitoa kwa petroli, kikagoma. Akakinusa. Akaomba maji ya moto, na mimi ndiye niliyetumwa kuyaleta. Alipoyamimina, gundi ile ililegea na kutiririka, na kipande cha ganda la kahawa kikaelea kwenye bakuli.

"Grisi haitoki kwa maji," alisema. "Mtu amepaka ute humu."

Baba alitikisa kichwa. "Bosko. Nilimwambia apake grisi, akaniziba mdomo kwa ute."

"Hata hivyo mguu aliinua kweli," alisema fundi, akidondoshea waya oili mbichi. "Hilo mwambieni."

Nilikuwa nimeshika birika. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, nyepesi kuliko ya kwanza, maana hakukuwa na baraza. Alikuwapo Baba, na fundi aliyekwisha kusema nusu ya ukweli. Nikaenda kurudisha birika jikoni.

Jioni Baba alimkemea Bosko kwa ajili ya ute; neno la fundi kuhusu mguu hakulitaja. Nilitarajia akane kwa nguvu. Aliangalia miguu yake tu, kwa muda mrefu. Kabla mavuno hayajaisha aliteremka kuishi ziwani.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Alioa huko, akawa mvuvi. Tulipoonana misibani na harusini nilimwamkia na kukimbilia jikoni. Niliposikia kwamba wenzake wamefunga injini kwenye mitumbwi na yeye bado anapiga kasia, nilidhani ni umaskini.

Mwishowe nilikwenda kwake, tukakaa nje ya nyumba, na baada ya shikamoo nikamwambia yote bila kupumzika: kikopo, mrija, sengu, birika. Nilisubiri anifukuze.

"Ulikuwa wewe," alisema polepole.

"Mimi, Baba mdogo. Nisamehe."

"Mimi nilijua ni miguu yangu. Asubuhi ile nilitoka karoni bila kunawa vizuri. Fundi alipoona ute nikasema, basi, nimeuleta mwenyewe. Ningeweza kuua mtu. Sijashika mashine yoyote tangu siku ile. Hata injini ya mtumbwi. Watoto wangu wananiita mwoga."

Miaka yote nilikuwa nimebeba hatia ya kumfanya asingiziwe. Sikuwahi kuwaza kwamba aliyasadiki masingizio hayo. Kwa neno moja la uongo nilikuwa nimemnyang'anya shahidi pekee aliyekuwa naye, akabaki na miguu yake tu, na miguu yake akaacha kuiamini.

Aliniuliza kama kweli niliuona mguu ukiwa juu. Nikamwambia ulikuwa hewani. Akageuka kuelekea mlangoni, akamwita mkewe.

"Mama Tekla! Njoo, na watoto waje. Acheni hizo kazi."

Walitoka, wakaamkia, wakasimama wakishangaa mgeni anayelia. Bosko alinyoosha mgongo, akanielekezea mkono.

"Haya, Skola. Anza mwanzo, uwaeleze ulichoona."

Nikaanza tena. Nilipofika kwenye mchanga na chanja, alinikatiza.

"Na breki. Waambie na breki."

"Na breki ulikanyaga," nikasema.