Waya Aliotaka Kuulipua Didier

Paskazia Byabato alijifunza Kifaransa kwa masista huko Burundi, alikopelekwa na baba yake kutoka Kagera angali binti mdogo. Kilikuwa Kifaransa cha sala na barua za heshima. Masista hawakuwahi kumfundisha mtu kukasirika kwa lugha ile, na hata alipokuwa mwalimu wa sekondari Butimba, hakuona kilichopungua.

Likizo ya Juni aliitwa kuwa mkalimani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Fundi Mfaransa, Didier, alikuja kufunga mitambo ya kugandishia samaki, na hakujua Kiingereza. Meneja, Bwana Pillai, alitoka India na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo kila neno la Didier lilimfikia meneja kwa Kiingereza cha Paskazia.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kisha umeme ukawa unakatika na kurudi, na kila uliporudi mtambo uligoma kuwaka. Asubuhi moja Didier alitoka nyuma ya mtambo akitiririka jasho, akatupa bisibisi sakafuni na kusema, "Je vais péter un câble."

Paskazia alipigwa na butwaa. Câble ni waya, lakini neno péter alilijua kwa maana ya kutoa upepo tumboni. Kuna mwenzake aliyepigishwa magoti na sista kwa kulitamka. Mtu mzima anautoaje waya tumboni? Akakumbuka kwamba neno hilohilo huweza pia kuwa kulipuka.

Meneja akauliza fundi anasemaje.

"He is going to blow up a cable," akajibu Paskazia. Atalipua waya.

Bwana Pillai alibadilika uso. King'ora kikalia, umeme wa kiwanda kizima ukazimwa, na akina mama wa kukata minofu wakakimbilia getini na mabuti yao ya mpira. Walinzi wakamkamata Didier mikono yote miwili.

"Mwalimu, kuna bomu?" akauliza Kija, msimamizi wa zamu, akihema.

"Amesema atalipua waya, Kija."

"Sasa mtu wa kulipua si angenyamaza?"

Hilo Paskazia hakuwa amelifikiria. Akamwendea Didier, akamwuliza kwa Kifaransa ni waya gani anaotaka kuulipua.

Didier alimkodolea macho. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshikwa, aliinamisha kichwa kumwonyesha. "Wa humu ndani, madame. Kwetu mtu uvumilivu ukimwishia husema hivyo. Waya wenyewe haupo."

Paskazia akakalia kreti la samaki. Kisha akainuka, akamfuata meneja mbele ya watu wote. Akamweleza kwamba kosa ni la tafsiri yake, kwamba fundi alikuwa amechoka tu na hasira zimempanda.

Bwana Pillai aliwatazama akina mama waliojazana getini. "Kwa hiyo amekasirika tu?"

"Amekasirika tu."

"Basi tuko wawili," akasema, akaamuru fundi aachiwe.

Mchana, juu ya sahani za ugali, Paskazia alimwomba Didier amtajie maneno yote wanayosema kwao wakichoka. Didier akaanza na lile la kusema mgongo wako umejaa. Paskazia akaacha tonge hewani.

"Mgongo umejaa nini?" akauliza.